Usikate!

Ukurasa wa kwanza ulipotoka kwenye printa, dada wa duka la steshenari aliuinua kwa ncha za vidole viwili kama anayeokota dagaa waliochacha. Juu yake palikuwa na kichwa cha Kiingereza kwa herufi kubwa: mwongozo wa kutegua mabomu. Akausoma, akanitazama, akausoma tena. Nyuma yangu alisimama mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kadi ya mpiga kura. Naye akarefusha shingo.

"Dada, hii ni ya nini?"

"Ya mchezo."

"Mchezo gani huo?"

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichongea. Nikasema bomu lenyewe analo mdogo wangu nyumbani, mimi sitakiwi kuliona, kazi yangu ni kumsomea tu namna ya kulitegua kabla halijalipuka. Mzee wa kadi akarudi nyuma hatua moja. Printa haikujali, ikaendelea kutema karatasi mpaka zikatimia 23. Nikatoa noti ya elfu kumi na kuondoka bila kungoja chenji. Katika gharama zote za mchezo ule, hiyo chenji ndiyo inayoniuma hadi leo.

Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2020. Vyuo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya korona, na mdogo wangu alikuwa amerudi nyumbani Mbagala na begi la nguo chafu na laptopu yenye mchezo uitwao Keep Talking and Nobody Explodes. Kwa Kiswahili chetu: endeleeni kuongea, hakuna atakayelipuka. Waliouunda ni vijana wachache wa Ottawa, Kanada, wanaojiita Steel Crate Games. Mchezo ulianzia kwenye Global Game Jam ya Januari 2014, ule mkusanyiko ambao watu hujifungia siku mbili na kutoka na mchezo uliokamilika. Mwaka 2015 wakaanza kuuuza, na mwaka 2016 ukapata tuzo ya usanifu bora kwenye Independent Games Festival kule Marekani.

Mambo yenyewe ni haya. Mtu mmoja anakaa mbele ya skrini, na kwenye skrini kuna boksi lenye saa inayohesabu kurudi nyuma na vijisehemu vya kila namna: nyaya, vitufe, taa, alama za ajabu. Wengine wanakaa na mwongozo. Mwenye bomu haruhusiwi kuona mwongozo. Wenye mwongozo hawaruhusiwi kuona bomu. Kinachobaki ni mdomo. Chanzo cha wazo hilo ni ile miwani ya uhalisia pepe: aliyeivaa yuko dunia nyingine, na nyie mliobaki sebuleni mnamtazama akipapasa hewa. Wale vijana wa Ottawa badala ya kuwaacha hao waliobaki wakipiga miayo wakawapa kitabu.

Mdogo wangu aliponiambia kwamba mimi nitakaa upande wa kitabu nilicheka. Kukaa upande wa kitabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa mhudumu wa simu kwenye kituo cha huduma kwa wateja, kampuni siitaji. Tulikaa kwa mistari kama darasani, hedifoni masikioni, na mbele ya kila mmoja skrini yenye maneno ya kusoma: mteja akisema hivi, mwambie hivi, akisema vile, mwambie vile. Pembeni ya skrini kulikuwa na saa ndogo iliyohesabu umekaa na mteja dakika ngapi. Miaka miwili nilikuwa nimekula mkate wa kuwaelekeza watu vitu nisivyoviona. Nikamwambia mdogo wangu, kaa chini, leo umepata fundi.

Bomu la kwanza linakupa dakika 5 na vijisehemu vitatu tu. Sisi tuliviita vyumba.

"Chumba cha nyaya," nikaanza. "Ziko ngapi?"

"Nne."

"Rangi?"

"Nyekundu, bluu, nyekundu, njano."

"Angalia namba ya utambulisho iliyobandikwa pembeni. Tarakimu ya mwisho ni shufwa au witiri?"

Kimya. Nasikia saa ya bomu inapiga.

"Dada, witiri ndiyo nini?"

Mtu wa mwaka wa pili chuo kikuu! Kabla sijajibu, mama akadakia kutoka jikoni, huku sufuria inagongwa: "Moja, tatu, tano! Swala ya witri unaisali miaka yote hujui hata maana yake?"

"Inaishia na saba," mdogo wangu akasema, sauti imeshapanda.

"Basi kata mwekundu wa mwisho."

"Wa mwisho kutoka wapi?"

"Wa mwisho! Wa chini!"

Wa chini ulikuwa wa njano. Akaukata. Bomu likatoa mlio mbaya, alama nyekundu ya kosa ikawaka, na hapo nikajifunza kanuni moja ya kikatili ya mchezo huu: ukikosea, saa huanza kukimbia zaidi. Makosa matatu, kwaheri. Nami nilikuwa nimesoma sawasawa kabisa kilichoandikwa kitabuni. Aliyekosea ni nani? Tulibishana jambo hilo mpaka bomu likalipuka lenyewe kwa kuchoka kutusubiri.

Kitufe nacho kina kisa chake. Kimoja kilikuwa chekundu, kimeandikwa neno la Kiingereza la kushikilia. Mdogo wangu alipokisoma akakishikilia. Nani asingekishikilia? Mimi bado nilikuwa napitia masharti, betri ngapi, taa ipi inawaka, nikafika pale panaposema kitufe chekundu chenye neno hilo kibonyezwe na kuachiwa hapohapo. Nikamwambia. Akanijibu taratibu, kama mtu aliyeshika nyoka kichwani na hajui ampeleke wapi: "Dada, mimi nimeshashika." Akiachia ni kosa, asipoachia saa inakwisha. Kuna kitufe kingine cha bluu kilichoandikwa neno la kusitisha, na hicho ndicho cha kushikilia. Aliyetunga mwongozo ule, nina hakika, aliwahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye fomu nyingi.

Na ule ucheshi wa mchezo umo humohumo. Hakuna katuni wala mtu anayeanguka kwenye ganda la ndizi. Kuna kijisehemu kimoja kinachokurukia katikati ya shughuli na kuuliza: nitoe gesi? Unatakiwa ujibu ndiyo. Baada ya muda kinarudi tena: nilipue? Mara ya kwanza mdogo wangu alikuwa ameshazoea ndiyo, akabonyeza ndiyo, na ikatugharimu. Mara nyingine taa za chumba kile cha kwenye skrini zinazimika ghafla. Zilipozimika mara ya kwanza mdogo wangu alipiga kelele "Aaah!" kwa mazoea, na jirani upande wa pili wa ukuta akaitikia "Kwani na kwenu umekatika?" Na kuna saa ya kuamsha iliyowekwa mezani kando ya bomu, ambayo huanza kulia bila sababu yoyote, na ukitaka inyamaze inabidi uache bomu, uende ukaizime.

Baada ya wiki nikarudi chumbani kwangu Sinza kwa ajili ya zamu za kazini, tukahamia kwenye simu. Usiku kwa bando la bei nafuu, yeye Mbagala na laptopu yake na simu kwenye spika, mimi kitandani na karatasi zangu 23 ambazo sasa zilikuwa na alama za chai. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo tangu siku hiyo likawa jina la mchezo nyumbani kwetu.

Nyaya tatu: mweupe, wa njano, mweusi. Kazi nyepesi. Kama hakuna mwekundu, unakata wa pili, basi.

"Kata wa pili," nikasema, na hapohapo mtandao ukaanza kukwama. Sauti yake ikawa vipande vipande. "Halo? Halo? Unanisikia? Usikate!"

"Nisikate?"

"Ndiyo, usikate! Nasogea dirishani!"

Nilikuwa nazungumzia simu. Yeye mkono ulikuwa kwenye waya. Akausubiri uamuzi wangu kwa adabu zote huku sekunde zinateketea, mimi nahangaika na pazia. Mtandao ukarudi, nikamuuliza umeshakata, akasema si umesema nisikate, nikapandwa na hasira, nikapiga kelele: "Kata!"

Akakata simu.

Tulicheka mpaka kesho yake. Ila nilipokuwa kwenye daladala kwenda kazini nilianza kukumbuka wateja wangu, na kicheko kikapungua.

Nilimkumbuka mzee mmoja wa Nachingwea aliyetaka kuangalia salio. Nikamsomea kama ilivyoandikwa: bonyeza nyota. "Binti," akasema, "mchana wote huu nyota nitaitoa wapi?" Nikamwambia ipo kwenye simu, chini upande wa kushoto. "Hapa chini kushoto kuna kaua." Haya mzee, bonyeza hako kaua. Tukaenda hivyo hivyo mpaka mwisho, nikamwambia amalizie na reli. Akavuta pumzi. "Reli ya huku iling'olewa zamani, mimi nikiwa kijana." Nikadhani ananitania, nikarudia palepale nilipokuwa nasoma: bonyeza reli, mzee, bonyeza reli. Simu ikakatika. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kweli palikuwa na reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao mkubwa wa karanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mradi ukafa, na katika miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mzee wa watu alikuwa ananijibu ukweli mtupu. Mimi nilikuwa na kitabu, yeye alikuwa na simu mkononi, na nilichofanya ni kurudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi.

Mwingine alikuwa mama wa makamo, simu yake mpya, kaletewa na mwanawe. Mazungumzo yetu nayakumbuka hivi:

"Mama, ikitokea, bonyeza Sawa."

"Sawa."

"Umebonyeza?"

"Nibonyeze nini?"

"Sawa."

"Sawa, nimekuelewa, nibonyeze nini?"

"Bonyeza Sawa, mama. Imeandikwa Sawa."

"Sawa!"

Wenzangu wa mstari ule walikuwa wameshavua hedifoni wananisikiliza mimi.

Ndani ya mchezo kuna chumba kizima kilichojengwa kwa balaa hilo. Jina lake limetokana na kichekesho maarufu cha Bud Abbott na Lou Costello, wachekeshaji wa Marekani wa zamani, cha wachezaji wa besiboli wenye majina kama Nani na Nini, ambapo anayeuliza hapati jibu kwa sababu swali ndilo jibu. Kwenye bomu, juu kuna kioo chenye neno, chini kuna vitufe sita vyenye maneno. Neno la juu linakuambia usome kitufe kipi, na neno la kitufe hicho linakupeleka kwenye orodha kitabuni, ambayo ndiyo inayosema ubonyeze kipi. Ingekuwa rahisi kama maneno yenyewe yasingekuwa ndiyo, hapana, ngoja, nini, tayari, na ile miguno ya Kiingereza ya kukubali na kukataa, ambayo kwetu ingekuwa ehee na aa-aa.

"Juu pameandikwaje?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Hakuna kitu."

"Pako patupu, au pameandikwa 'hakuna kitu'?"

"Pameandikwa."

"Pameandikwa nini?"

"Patupu."

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

"Kipo! Kimeandikwa patupu!"

Na kweli katika chumba hicho yako yote matatu: neno la hakuna kitu, neno la patupu, na kioo ambacho hakina neno hata moja. Tulilipuka usiku huo mara sita au saba. Dawa tuliyoipata ni ya kizee: tukaacha kusoma maneno, tukawa tunataja herufi moja moja kama watoto wa darasa la kwanza, na jibu la kukubali tukaliondoa kabisa kwenye midomo yetu. Badala ya kusema ndiyo, tuligonga meza mara moja. Aliyesema "sawa" alitozwa faini ya kuosha vyombo, akiwa Mbagala au Sinza.

Nilianza kupeleka kazini yale niliyojifunza usiku. Mteja akipiga, kabla sijagusa maandishi yangu, namuuliza: mbele yako unaona nini? Nanyamaza. Namwacha aseme kwa maneno yake. Akiita nyota kaua, mimi nami naita kaua mpaka tunamaliza. Akisema kuna kialama kama geti la ng'ombe, hilo ndilo geti la ng'ombe. Watu wachache sana walinikatia simu miezi ile. Lakini ile saa ndogo ya pembeni haikupendezwa. Msimamizi aliniita, akanigeuzia kompyuta yake, akanionyesha kwamba dakika zangu kwa kila mteja zimepanda, akaniuliza nina tatizo gani. Nilitaka kumweleza habari za bomu na mwongozo. Nikakumbuka dada wa steshenari, nikanyamaza. Nilipewa onyo la mdomo, na mwisho wa mwaka mkataba haukuongezwa. Sisemi sababu ilikuwa ni hiyo peke yake, lakini bado naona kwamba yule msimamizi alikuwa na saa nzuri na hakuwa na bomu.

Mama kwa muda wote huo alikuwa hataki kuingia chumbani tunapocheza. Akipita koridoni alikuwa akisema bila kusimama: "Bomu si la kuchezea."

Hakuwa anasema msemo. Tarehe 29 Aprili 2009, Jumatano, kabla ya adhuhuri, maghala ya silaha ya jeshi ya Mbagala yalilipuka. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mdogo wangu bado wa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni madirisha ya darasa kuanguka ndani kwa pamoja, halafu barabara imejaa watu wanaokimbia na hakuna anayejua anakimbia nini. Mmoja anasema ni vita, mwingine anasema ni ndege. Mama alikimbia kinyume cha watu wote kwenda shule ya msingi, kandambili moja mguuni, nyingine hajui ilikobakia. Alimkuta mdogo wangu saa kumi za jioni, kwenye baraza la watu asiowajua, amepewa andazi. Watu zaidi ya 20 walikufa kwa milipuko ile. Kwa wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunaambiwa tusiguse chuma chochote tutakachokiona uani au shambani. Na usiku wa tarehe 16 Februari 2011, Gongo la Mboto ilipolipuka nayo, mama alituvalisha viatu kabla hatujajua mlio unatoka wapi, akatukalisha mlangoni mpaka alfajiri.

Kwa hiyo kila mchezo ulipomalizika vibaya, kwa mlio mfupi tu na skrini kuwa nyeusi, mama jikoni alikuwa anasimamisha mwiko. Nilichelewa kuligundua hilo. Mdogo wangu yeye aliligundua mapema, ndiyo sababu alikuwa anapunguza sauti.

Usiku mmoja wa Ramadhani ya mwaka uleule wa 2020 nilikuwa nyumbani kwa mapumziko ya siku mbili. Tumeshafuturu, mihogo ya nazi imebaki kwenye sinia, mama amemaliza tarawehe yake chumbani. Akaja akasimama mlangoni, kanga imemfunika kichwa, akatazama skrini kwa muda mrefu.

"Humo ndani mna watu?"

"Hapana, mama," mdogo wangu akajibu. "Chumba kitupu. Kuna meza tu."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

Akasogeza kiti, akakaa. "Haya, nipeni nione kinachowapigisha kelele usiku kucha."

Tukampa kipanya. Mdogo wangu akaja upande wangu wa mkeka, tukageuza migongo kama sheria inavyotaka. Tukamchagulia lile bomu la mwanzo, la dakika 5. Kitufe alikimaliza kwa bahati, maana kilikuwa cha kubonyeza na kuachia, na mama kila kitu hubonyeza na kuachia. Chumba kilichofuata kilikuwa cha alama: vitufe vinne, kila kimoja na mchoro wake, na kitabuni kuna safu sita za michoro ya aina hiyo. Unatafuta safu yenye yote minne, kisha unabonyeza kwa mpangilio wa safu ile kutoka juu kwenda chini. Sisi wawili tulikuwa tumeshaipa majina: chusa, puto, pua, uso unaocheka.

"Eleza unachokiona, mama."

Alichukua muda. Mdogo wangu akaanza kutikisa mguu.

"Moja ni nyota, imejazwa wino. Ya pili kama mkuki wa kuvulia, una meno matatu. Ya tatu ni P, ila imegeuzwa inatazama nyuma, na ina miguu miwili. Ya nne ni te."

"Te?"

"Te."

Tukatazamana. Nikapeleka kidole safu zote sita, sioni te yoyote. Saa inasema dakika moja na nusu.

"Mama, te gani hiyo?"

"Kwani ziko ngapi? Alifu, be, te. Ina nukta mbili juu kama kawaida. Ila aliyeiandika kaiharibu, kaitia kipete chini."

Mdogo wangu alipiga paji la uso. Uso unaocheka! Zile nukta mbili tulizoziona macho, ule upinde tuliouona mdomo, na kile kiduara cha chini ambacho kwa mwezi mzima tulikiita kidevu. Wote wawili tumekaa chuoni kwa maalimu miaka, tumechapwa kwa ajili ya te hiyohiyo, na hakuna aliyeiona. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliyeiandika hakuiharibu. Te yenye kipete ni herufi halali ya Kipashto, lugha ya Afghanistan na Pakistan. Nilipomwambia mama alisema basi Wapashto wameiharibu.

"Mkuki kwanza," nikamwambia. "Halafu te. Halafu P. Halafu nyota."

Taa ya kijani ikawaka.

Zikabaki nyaya, na sekunde hamsini. Ile saa ya mezani, ya ndani ya mchezo, ikachagua wakati huo kuanza kulia. Mdogo wangu akaanza kuruka palepale alipokaa: "Mama, ziko ngapi? Mama, rangi! Mama, kuna mwekundu?" Mimi nami nikadakia: "Mama, achana na saa, taja rangi!"

"Nyamazeni."

Tukanyamaza. Akaweka bomu chini, akaizima saa ile kwa utulivu wa mtu anayefunika maji, akalichukua bomu tena.

"Ziko nne. Nazitaja kutoka juu kuja chini, mnasikia? Mweusi. Mweupe. Samawati. Samawati. Nyekundu haipo, njano haipo. Nimemaliza."

Nilipita masharti kwa kidole. Hakuna nyekundu. Wa mwisho si wa njano. Bluu ni mbili, si moja. Njano hakuna.

"Wa pili kutoka juu," nikasema. "Mweupe."

"Mweupe, wa pili kutoka juu."

Mdogo wangu akagonga sakafu mara moja.

Hatukuona alipoukata. Tulisikia tu ile milio ya saa imekoma, na feni ya laptopu ikivuma peke yake. Tulipogeuka namba zilikuwa zimesimama kwenye sekunde 11, na mama alikuwa bado ameinama karibu na skrini, analigeuza bomu upande huu na upande huu kwa ncha ya kidole, analichungulia nyuma.

"Hili limekwisha?"

"Limekwisha, mama."

Akalitazama tena kidogo. Kisha akainuka, akakusanya sinia la mihogo, akachukua simu yake juu ya kabati, akaisogeza mbali na macho ili aone vizuri, na kutega saa ya daku.